Karaha Yenye Muhuri: Kivumishi cha Kiingereza Kilivyotawala Ukambani

Wazee wa Wamunyu, Machakos, wanapokaa leo kuamua mgogoro wa mpaka wa shamba au wa mahari, hawafanyi hivyo kwa hisani ya chifu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 159, inaziagiza mahakama ziendeleze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na Ukambani njia hizo ni kongwe kuliko mahakama zenyewe. Hata hivyo ibara hiyo hiyo inaweka mipaka mitatu. Njia za jadi zisivunje Sheria ya Haki. Zisipingane na Katiba. Na zisiwe, wala matokeo yake yasiwe, kitu ambacho Kiingereza cha Katiba kinakiita "repugnant" mbele ya haki na maadili. Mipaka miwili ni ya wananchi waliopiga kura Agosti 2010. Huo wa tatu uliandikwa London mwaka 1902, miaka 18 kabla nchi hii haijaitwa Kenya.

Kwa zaidi ya karne moja kivumishi hicho, pamoja na wenzake wa kundi hilo la maneno ya kuchukizwa, kimefuta ndoa za watu, kimewanusuru wajane, kimetoa ng'ombe zizini na kimemzuia baba kulipishwa deni la mwanawe. Machakos ilionja mambo haya mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Na funzo lake ni moja: karaha ikishatiwa muhuri wa serikali huacha kuwa maelezo ya kitu, ikawa ruhusa ya kukitendea kitu hicho. Kwa hiyo msomaji wa historia hii hana budi kuuliza kila mara: aliyechukizwa ni nani, na aliyeumia ni nani?

Kutoka kinyume hadi kinyaa

Katika Kiingereza cha kila siku neno hilo ni kali. Chakula kibaya hakistahili kuitwa hivyo, wala tabia ya kuudhi tu. Linatumika kwa jambo linalomfanya mtu ajikunje na kugeuza uso, jambo ambalo moyo unalikataa kabla akili haijatoa sababu. Lakini asili yake haikuwa tumboni. Kilatini "repugnare" ni kupigana dhidi ya kitu, na wanasheria wa Uingereza walilichukua kwa maana hiyo kavu ya kupingana. Hati ya kifalme ya 1629 iliyounda koloni la Massachusetts Bay iliwaruhusu walowezi kutunga sheria zao mradi zisiwe kinyume cha sheria za Uingereza. Sheria ya 1865 kuhusu uhalali wa sheria za makoloni ilirudia sharti hilo kwa himaya nzima. Hapo kazi ya jaji ilikuwa kuweka karatasi mbili mezani, ya koloni na ya Uingereza, na kuangalia kama zinagongana.

Mambo yalibadilika Waingereza walipowatawala watu ambao sheria zao zilikaa vichwani mwa wazee. India katika karne ya 18, maofisa wa Kampuni ya Mashariki ya India waliwaachia Wahindu na Waislamu sheria zao za ndoa na urithi, na penye pengo wakaamua kwa kile walichokiita haki, usawa na dhamiri njema. Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, sheria ya Mahakama Kuu ya 1876 ilizipa mila za wenyeji nafasi mahakamani mradi zisiwe "repugnant" kwa haki ya asili, usawa na dhamiri njema. Sasa upande mmoja wa mizani hapakuwa tena na karatasi. Palikuwa na dhamiri, na dhamiri iliyopo mahakamani ni ya aliyeketi kwenye kiti. Neno likatoka kwenye kinyume, likaingia kwenye kinyaa.

Amri ya Afrika Mashariki ya 1902, iliyotolewa na mfalme kwa ushauri wa baraza lake, ililileta kwetu katika kifungu cha 20. Kesi zote zenye wenyeji ndani yake, za madai na za jinai, ziongozwe na sheria ya wenyeji kadiri inavyofaa, mradi isiwe yenye kuchukiza haki na maadili, wala isipingane na amri nyingine za serikali. Mwandishi wa kifungu hicho hakueleza ni haki ipi na maadili ya nani. Hakuona haja, kwa kuwa wasomaji aliowakusudia walikuwa wanalijua jibu.

Nzama na kiti cha jaji

Machakos ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya utawala wa Kiingereza bara. Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilifungua kituo huko mwaka 1889, John Ainsworth akaja kukisimamia miaka michache baadaye, na mwaka 1895 nchi ikatangazwa himaya. Mwaka huo huo wamisionari wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walifika Nzaui. Basi Mkamba alikutana na mtawala na mhubiri kwa pamoja, na wote wawili walikuwa na orodha ya mambo yasiyofaa: ngoma, mitala, waganga, viapo.

Walichokikuta hakikuwa uwanja mtupu. Kila utui, kitongoji cha Wakamba, ulikuwa na wazee wake, na wazee wa baraza, nzama, walisikiliza mashtaka na kutoza fidia kwa mbuzi na ng'ombe. Ushahidi ulipokosekana, uliletwa kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko bunduki. Aliyeapa uongo alitarajiwa kufa yeye au jamaa zake. Na kwa mwizi sugu au mchawi aliyeshindikana kulikuwa na king'ole: watu walikusanyika wakamuua pamoja, na ridhaa ya ndugu zake wa karibu ilitakiwa kwanza ili kisizuke kisasi. Maofisa kama C. W. Hobley, ambaye kitabu chake kuhusu Wakamba kilitoka mwaka 1910, na Charles Dundas waliyaandika mambo haya, naye Gerhard Lindblom wa Sweden akaishi Ukambani akiyachunguza. Wakamba wenyewe walikuwa na namna yao ya kuchukizwa. Mambo fulani yalileta unajisi uliopaswa kuondolewa kwa mnyama na mitishamba, na hakuna aliyesubiri Mzungu amwambie kuwa uchawi ni uovu.

Kilichotofautiana ni nani mwenye neno la mwisho. Mwaka 1917 mshtakiwa aliyeitwa Amkeyo alipinga ushahidi uliotolewa na mkewe aliyemuoa kimila, kwa kuwa sheria ilizilinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Robert Hamilton alikataa kinga hiyo. Kwa maoni yake muungano wa kimila, wenye mahari na nafasi ya mitala, ulikuwa ununuzi wa mke, na haukustahili jina la ndoa. Kwa hukumu moja, wake walioolewa kimila walipoteza hadhi ya wake mbele ya kanuni za ushahidi. Iliwabidi wasubiri hadi Sheria ya Ushahidi ya 1963 ndipo ndoa ya kimila itambuliwe kuwa ndoa katika jambo hilo.

Kesi iliyoitikisa Ukambani yenyewe ilikuja mwaka 1932. Mwanamke mmoja, Mwaiki, alishukiwa kumroga mke wa Kumwaka wa Mulumbi, na kundi la wanaume likampiga hadi akafa. Wakamba 60 walihukumiwa kunyongwa kwa pamoja. Habari zilifika hadi London. Watu wengi Ukambani waliliona tendo lile kwa jicho la king'ole, kwamba jamii imejilinda dhidi ya muuaji wa siri. Mahakama iliona mauaji ya mwanamke asiye na silaha, na ikasema kuamini uchawi si uchokozi wa kupunguza kosa. Rufaa ilishindwa, lakini serikali haikuthubutu kuwanyonga watu 60 kwa mpigo. Adhabu zikabadilishwa kuwa vifungo. Mwaka 1933 tume ya H. G. Bushe iliundwa kuchunguza jinsi kesi za jinai zilivyoendeshwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ililegeza kidogo: waliomuua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi karibu na nyumba, wakaamini kwa dhati kuwa anaroga, hatia yao ilipunguzwa hadi kuua bila kukusudia.

Hapa anayependa historia rahisi hupata taabu. Ni kweli kwamba utawala uliidharau nzama. Lakini Mwaiki naye alikuwa Mkamba, na hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya mila. Nzama ilikuwa baraza la wanaume wazima. Mwanamke, kijana na mgeni walihukumiwa na karaha ya wazee kama vile wazee walivyohukumiwa baadaye na karaha ya jaji. Sheria ya kigeni ilipomhesabu Mwaiki kuwa mtu aliyeuawa, ilimpa kitu ambacho jirani zake walimnyima.

Aliyesema waziwazi kuliko wote kipimo hicho cha jaji kilikuwa cha nani ni Jaji Wilson wa Tanganyika mwaka 1938. Katika kesi ya Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti, ng'ombe wa baba walikamatwa kulipia kosa la mwanawe mtu mzima, kama mila ya Waturu ilivyoruhusu. Jaji alisema ni kosa kumlipisha mtu kwa jambo asilolitenda, na kwamba mahakama ya Kiingereza Afrika haina kipimo kingine cha haki na maadili isipokuwa cha Kiingereza. Wengi wetu tungekubaliana naye kuhusu ng'ombe. Kuhusu kipimo, aliitoa nje siri iliyofichwa tangu 1902.

Ardhi iliyoitwa ya kutisha

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, kivumishi kingine cha ukoo huo kilikuwa kimeangushwa juu ya Machakos. Colin Maher, afisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika mwaka 1937 ripoti kuhusu mmomonyoko katika hifadhi ya Ukamba, na akaiita hali aliyoiona "appalling": ya kutisha na kuchukiza kwa pamoja. Alieleza vilima vilivyochunika na kubaki mawe na mchanga, na lawama akaielekeza kwa Wakamba na mifugo yao.

Makorongo yalikuwepo, hakuyabuni. Ila ripoti za namna hiyo zilipita haraka juu ya sababu nyingine. Milima ya Mua ilikuwa imegawiwa walowezi. Malisho ya uwanda wa Yatta, ambako mifugo ilipelekwa wakati wa kiangazi, yalihesabiwa kuwa ardhi ya serikali na kuwekewa vizuizi. Mifugo iliyobanwa ndani ya hifadhi ilikanyaga pale pale mwaka baada ya mwaka. Kivumishi hakikuwa na nafasi ya kueleza haya yote. Kilikuwa na nafasi ya kuhalalisha amri.

Amri ilikuja mwaka 1938: kila mwenye mifugo apunguze, wa ziada wauzwe kwa nguvu. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilifunguliwa Athi River, na watu hawakuhitaji shule kuunganisha mambo hayo mawili. Julai, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, waliandamana hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini serikali ilitegemea vijana wa Kikamba katika jeshi na polisi, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeacha kunyang'anya mifugo kwa nguvu. Mtaa wa Muindi Mbingu katikati ya Nairobi una jina lake mpaka sasa.

Baada ya Vita vya Pili matuta yalichimbwa kwa amri, watu wakachimba wakinung'unika. Baada ya Uhuru yalichimbwa kwa hiari na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, vingi vikiwa vya wanawake. Tuta lililoenea lilikuwa la kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na jina lake, "fanya juu", sasa limo katika vitabu vya Kiingereza vya uhifadhi wa udongo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos, Masii jirani ya Wamunyu ikiwa miongoni mwa maeneo waliyoyachunguza. Tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu walikuwa wameongezeka karibu mara sita, na mmomonyoko umepungua. Wasomi wamebishana kama picha hiyo ni nzuri mno, kwa kuwa maskini hawakufaidi sawa na wenye ng'ombe na mishahara ya mjini. Hata hivyo ardhi ile ile iliyotajwa kwa neno la kuchukiza iligeuka mfano wa kufundishia.

Jicho la mnunuzi

Katika miaka ya ukoloni Wamunyu ilikuwa inajifunza upande wa pili wa jicho la mgeni. Mutisya wa Munge alikwenda kusini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona Wazaramo wakichonga mpingo, akarudi nyumbani na ufundi huo. Kabla yake mafundi walichonga viti, vijiko na bakora za matumizi. Yeye na waliomfuata walianza kuchonga sanamu za kuuza, na kazi ikatoka kijijini ikafika Nairobi, Mombasa na masoko ya ng'ambo.

Mchongaji alijua jambo ambalo mshtakiwa wa 1932 hakupewa nafasi ya kulijua: macho ya mgeni yana matakwa yake, nayo hubadilika. Twiga aliuzika, chombo cha kiganga kilimtia mmisionari kinyaa, kisha mtalii wa baadaye akakitafuta kwa bei. Mchongaji aliweza kumsoma mnunuzi, akabadilisha umbo, akapandisha bei au akakataa kuuza. Mbele ya jaji hapakuwa na mapatano ya namna hiyo. Karaha ya soko hukupunguzia mauzo. Ya serikali hukuondolea ndoa, shamba au uhai.

Karaha ya nani baada ya Uhuru?

Mahakama za Waafrika zilivunjwa mwaka 1967 na mfumo mmoja ukaundwa. Mtu angedhani kifungu cha 1902 kingezikwa nazo. Badala yake Sheria ya Mahakama ya 1967, kifungu cha 3(2), iliandika tena maneno yale yale: mila itumike katika kesi za madai mradi isiwe yenye kuchukiza haki na maadili. Tofauti ni kwamba aliyeketi kwenye kiti, kadiri miaka ilivyosonga, mara nyingi alikuwa Mwafrika.

Matokeo yalikuwa ya kuyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama Kuu Kisii iliikataa ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, katika kesi ya Maria Gisese, ikiiona ya kuchukiza. Wakamba wanaijua desturi hiyo kwa jina la iweto: mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa walibebe jina la nyumba yake. Haihusu mapenzi baina ya wanawake hao. Ni mpango wa ukoo na urithi. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2011, Jaji Jackton Ojwang akiwa Mombasa aliutambua mpango wa namna hiyo wa Wanandi katika kesi ya Monica Jesang Katam, na mwanamke aliyeolewa pamoja na watoto wake wakapata urithi. Neno la sheria lilikuwa lile lile, desturi zilikuwa ndugu, hukumu zikapishana.

Mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Upande wa mjane wake, Wambui, ulidai kuwa mila ya Wajaluo ya kuupa ukoo mwili wa marehemu na kumpuuza mke inachukiza haki na maadili. Mahakama ya Rufaa ilikataa, naye Otieno akazikwa Nyalgunga. Jaji wa kikoloni angeweza kuona vingine. Ila hapo pia aliyelemewa alikuwa mwanamke.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa inafunguka. Sheria ya Urithi ilianza kutumika Julai 1981. Wilaya kadhaa za wafugaji ziliachiwa mila zao juu ya ardhi na mifugo. Machakos haikuwamo, kwa hiyo binti wa Wamunyu akapata haki ya kudai fungu katika mali ya babaye bila kuomba mila iitwe chukizo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Tanzania aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya ambaye mila ilimkataza kuuza shamba la ukoo, kwa kutumia haki za msingi zilizomo katika Katiba. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa kuwa huenda wakaolewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la shirika la MIFUMI, iliiacha mahari ibaki lakini ikabatilisha desturi ya kudai irudishwe ndoa ikivunjika.

Majaji hao walianza na mtu mwenye haki iliyotajwa kwa jina, wakaonyesha ilivyovunjwa, na mwenye mila akawa na kitu cha kujibu. Mwaka 2017 daktari Tatu Kamau alifungua Machakos shauri la kupinga sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji, akisema mwanamke mzima ana haki ya kufuata utamaduni wake. Shauri lilihamishiwa Nairobi na kutupwa Machi 2021. Mwaka 1929 wamisionari walipoupinga ukeketaji kwa lugha ya ushenzi, Wakikuyu wengi waliususia Ukristo wa wamisionari hao na kufungua shule zao wenyewe. Safari hii majaji watatu walisikiliza madaktari na wanawake waliokeketwa, wakapima afya, utu na uhuru wa utamaduni, wakaeleza kwa nini utamaduni haukushinda. Anayepinga hukumu hiyo anajua aishambulie wapi.

Kwa nini basi kivumishi cha 1902 bado kimo katika Ibara ya 159? Jibu la kawaida ni kwamba ni kinga ya akiba, iwapo mila fulani itatokea kuwa mbaya bila kugusa haki yoyote iliyoandikwa. Ni vigumu kuiwazia mila hiyo. Mtu akipigwa, akinyimwa urithi, akiozwa kwa nguvu au akilipishwa kosa la mwingine, Sheria ya Haki inamtosha. Kinachobaki nje ni mambo yanayomkera mtazamaji bila kumdhuru yeyote, kama kiapo, ngoma, au iweto. Huko ndiko neno hilo limekosea mara nyingi zaidi.

Sera ya mifumo mbadala ya haki iliyozinduliwa na Jaji Mkuu David Maraga mwaka 2020 inazitaka mahakama na wazee wafanye kazi pamoja. Ushirikiano huo utahitaji kanuni inayowabana wote wawili. Jaji anayetengua uamuzi wa wazee wa Wamunyu kwa sababu umemchukiza aandike ni nani ameumia na haki ipi imevunjwa, asipoweza, auache. Mzee naye anayempitia mjane pembeni kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa daima ajibu swali hilo hilo. Bunge likifuta kivumishi hicho katika kifungu cha 3(2), na wananchi wakikifuta siku moja katika Katiba yao, hakuna Mkamba atakayepoteza kinga hata moja aliyo nayo leo.